Uzito wa Chini Si Nanga: Siri ya Stabilaiza ya Kamera ya Kujitengenezea

Stabilaiza yangu ya kwanza, yaani kifaa cha kuituliza kamera unapotembea nayo, ilikuwa bomba la plastiki lenye kamera juu na kilo nzima ya vyuma chini. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: chombo kikitiwa nanga nzito hakiendi popote. Nikatoka nayo nje, nikamfuata mtoto aliyekuwa akiendesha baiskeli, kisha nikarudi ndani kutazama nilichovuna. Mitikisiko midogo ya mkono ilikuwa imepungua kweli, lakini palikuwa na balaa jipya. Mstari wa upeo ulikuwa ukilala kulia, ukilala kushoto, taratibu, kama vile nimerekodi nikiwa ndani ya mashua. Kila nilipoanza kutembea, kamera iliinamisha pua. Niliposimama ikaiinua, ikainamisha tena, na haikutulia mpaka mtoto mwenyewe alikuwa ameshapotea kwenye kona.

Nilichokuwa nimetengeneza kilikuwa timazi, lile la fundi mwashi, ila la bei ya kamera. (Na tuelewane kwa neno lenyewe: stabilaiza ninayoisema hapa si kile kisanduku cha kulinda friji umeme unapopanda na kushuka.) Nimeona watu wengi wakianguka shimo hilohilo, na sababu ni kwamba maelekezo mengi yanakwambia ufunge uzito chini bila kukueleza uzito ule una kazi gani. Ukiijua kazi yake, vifaa unavyookota stoo vinatosha. Usipoijua, hata ukinunua cha dukani kitakusumbua.

Tuanze na kutikisika kwenyewe. Kamera iliyo mkononi husumbuka kwa namna sita. Tatu ni za kuhama: kwenda juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Tatu ni za kugeuka: kuinamisha na kuinua pua, kugeuza uso pembeni, na kulalia ubavu. Jicho la mtazamaji haliyahukumu makundi haya mawili kwa kipimo kimoja. Chukua mtu aliyesimama mita 5 mbele ya lenzi. Mkono wako ukipanda sentimita 1 bila kamera kugeuka, picha nayo inahama sentimita 1 tu pale aliposimama, na hakuna atakayegundua. Lakini kamera ikigeuka digrii 1 tu, katikati ya fremu panahama karibu sentimita 9. Mpeleke mtu huyo umbali wa mita 20: kuhama bado ni sentimita 1 ileile, kugeuka kumeshafika sentimita 35. Ndiyo maana ukivuta zumu picha inakuwa kichaa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzuia kamera isigeuke. Kuhama juu na chini ni ugomvi mwingine, nitaurudia.

Aliyeupatia ufumbuzi ugomvi wote kwa pamoja ni Garrett Brown, mpiga picha wa Marekani, katika miaka ya 1970. Kifaa chake, Steadicam, kilitumika kwanza katika filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976, na mwaka 1978 akapewa tuzo ya Oscar kwa uvumbuzi huo. Ukikitazama unaona fulana ya kufunga mwilini na mkono wa springi, na hivyo ndivyo vinavyotisha watu kwa gharama. Moyo wake lakini ni ile nguzo inayobeba kamera, na nguzo ile imesimama juu ya mambo matatu: kamera imetengwa na mkono kwa kiungo kinachogeuka pande zote, mizigo imetawanywa mbali na kiungo hicho, na kitovu cha uzito wa mfumo mzima, ile nukta ambayo uzito wote unasawazika, kimeletwa karibu kabisa na kiungo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kiwanda.

Nitakaa zaidi kwenye hilo la kutawanya mizigo, kwa sababu ndilo lisiloeleweka. Shika nyundo karibu na kichwa chake, uigeuze-geuze kwa kifundo cha mkono. Inageuka upesi. Sasa tafuta fimbo ndefu yenye uzito kama ule, ishike katikati na uifanyie vivyo hivyo. Inakataa kuanza, na ikishaanza inakataa kuacha. Uzito ni uleule. Kilichobadilika ni umbali wake kutoka mkononi. Ukaidi huu wanafizikia huuita inesha, na hukua kwa mraba wa umbali: peleka mzigo mbali mara mbili, ukaidi unakuwa mara nne. Mwanasarakasi anayetembea juu ya kamba habebi ule mti mrefu kwa urembo. Mti unamfanya awe mgumu kupinduka, hivyo anapata muda wa kujirekebisha.

Sasa tulete kamera. Tuseme ina gramu 500, na kitovu chake kipo sentimita 10 juu ya kiungo. Ili mfumo usawazike, upande wa chini lazima uvute kwa kiasi kilekile: gramu mara sentimita, yaani 5,000. Unaweza kufunga gramu 500 kwa umbali wa sentimita 10. Unaweza pia kufunga gramu 250 kwa sentimita 20. Njia zote mbili zinasawazisha. Lakini ile ya pili, ambayo mkono wako utaishukuru kwa kupunguziwa robo kilo, ina ukaidi mkubwa zaidi kwa asilimia 50: kilo-mita-mraba 0.015 dhidi ya 0.010. Kwa lugha nyingine, bomba refu lenye vyuma vichache linatuliza kuliko bomba fupi lenye vyuma vingi. Mpaka wake ni miguu yako tu. Ukilirefusha sana utaligonga kwa goti katikati ya rekodi.

Baada ya kusawazisha kabisa, mfumo hauna chini wala juu. Uweke ubavu, utakaa ubavu. Hilo nalo halifai, kwa sababu tunataka kamera ijue wima ni wapi. Hapo ndipo upande wa chini unapoongezewa uzito kidogo kuliko unavyostahili, na neno zito katika sentensi hii ni "kidogo". Kwa mfumo wetu wa gramu 750, kitovu cha uzito kinatakiwa kikae takribani milimita 2 chini ya kiungo. Unene wa sarafu. Ukikishusha mpaka sentimita 2, mfumo utajirudisha wima kwa nguvu mara kumi zaidi, na kila hatua utakayoongeza mwendo au kupunguza itaubembeza kama kengele. Mimi siku ile, kwa kilo yangu moja, nadhani nilikuwa nimekishusha sentimita kadhaa. Si ajabu mtoto wa baiskeli alipotea kwenye kona.

Milimita 2 huwezi kuzipima kwa rula, lakini unaweza kuzipima kwa saa. Lilaze bomba mpaka liwe mlalo kamili, liachie, hesabu. Likifika wima baada ya sekunde 2 hivi, umepatia. Likianguka kwa nusu sekunde, chini ni kuzito mno. Likisitasita sekunde 4 au 5, ni jepesi mno na upepo utalichezea. Wapiga picha wazoefu hufanya jaribio hili kila wanapobadili lenzi, na ni jaribio lilelile kwa kifaa cha gharama na kwa bomba la maji.

Tutengeneze basi.

Nguzo ni bomba la plastiki la kipenyo cha nje cha milimita 25, urefu wa sentimita 40 hivi. Lisiwe lile laini linalopinda ukilikamata ncha mbili, maana bomba linalocheza huzaa mtetemo wake lenyewe. La alumini ni bora kama lipo.

Juu yake panakaa kibao cha kamera, cha mbao nyembamba ngumu au plastiki nene. Kitobolewe tundu refu badala ya tundu la mviringo, ili kamera iweze kuteleza mbele na nyuma kabla ya kukazwa. Fanya vivyo hivyo kwa kulia na kushoto mahali kibao kinapoungana na nguzo. Usiruke hatua hii kwa uvivu. Mafundi wengi wa mara ya kwanza hufunga kamera mahali pamoja pa kudumu, kisha wanahangaika wiki nzima kusawazisha kitu kisichosawazika.

Kuhusu parafujo ya kushikia kamera, sikiliza kwa makini. Tundu lililo chini ya kamera karibu zote ni la robo inchi, hesi 20 kwa kila inchi. Bolti ya milimita 6 inafanana nalo sana, na itaingia mizunguko miwili ya kwanza bila kelele, kisha inakaza. Ukilazimisha hapo umeua hesi za kamera yako. Robo inchi ni milimita 6.35, na nafasi kati ya hesi nayo ni tofauti. Tafuta bolti sahihi, na ikate iingie ndani ya kamera kama milimita 5 tu, isije ikasukuma kilichomo.

Kiungo, ambacho wapiga picha hukiita gimbali, ndicho kitakachokula nusu ya muda wako, na kinastahili. Kinatakiwa kigeuke kwa mihimili mitatu, mihimili yote ikutane kwenye nukta moja, na msuguano uwe karibu na sifuri. Wapo wanaotumia kiungo cha tufe kutoka gari la kuchezea la rimoti, wakakibandika ubavuni mwa nguzo. Kinafanya kazi nusunusu: kinafika pembe fulani kinagota, na kwa kuwa kipo nje ya nguzo, mfumo unaning'inia upande. Njia iliyonipendeza ni hii. Beringi ya namba 6805 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje milimita 37, na unene wa milimita 7. Inavikwa kwenye bomba letu kama pete kidoleni. Huo ni mhimili wa kwanza, wa kugeuka kulia na kushoto. Beringi yenyewe inakaa ndani ya kipande cha ubao mgumu kilichotobolewa milimita 37. Kutoka ubavu wa kulia na wa kushoto wa ubao huo zinachomoza bolti mbili za milimita 8, zikitazamana mstari mmoja, nazo zinashikwa na uma wenye beringi ndogo za 608 kila upande. Hizo 608 ni zile za magurudumu ya viatu vya kuteleza, tundu lake ni milimita 8 barabara. Huo ni mhimili wa pili. Shina la uma linapita kwenye beringi ya tatu iliyofungwa kichwani mwa mpini, na shina hilo lielekee katikati ya nguzo, si juu yake wala chini yake. Hapo mihimili mitatu imekutana.

Beringi mpya hujazwa grisi nzito ya kustahimili mashine. Kwetu grisi ile ni adui. Zibandue vifuniko, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, uzitie tone moja la mafuta mepesi. Tofauti utaisikia kwenye ncha za vidole: kabla ya kuosha, ukizungusha beringi inageuka nusu duara na kusimama, baada ya kuosha inaendelea mpaka unachoka kuitazama. Nilipoosha za kwangu kwa mara ya kwanza nilijilaumu kwa miezi yote niliyokuwa nikilaumu nguzo.

Chini ya bomba, funga bolti ndefu ya milimita 8 yenye hesi mwanzo hadi mwisho, inayotazama ardhini. Washa nzito, zile pete bapa za chuma zinazovikwa kwenye bolti, ndizo uzito wako, zikibanwa kati ya nati mbili. Uzuri wa hesi ni kwamba zinakupa kipimo cha bure. Kwenye bolti ya kawaida ya milimita 8, mzunguko mmoja ni milimita 1.25. Kwa mfano wetu, kushusha gramu 250 kwa milimita 1.25 kunashusha kitovu cha mfumo wote kwa milimita 0.4 hivi. Mizunguko mitano, umepata zile milimita 2. Kwa hiyo ongeza au punguza washa mpaka bomba likaribie kukaa popote unapoliweka, kisha malizia kwa kuzungusha nati huku ukirudia jaribio la sekunde 2. Nimepuuza uzito wa bomba katika hesabu, lakini zile nati hazijali, zitakufikisha.

Kabla ya kuweka kamera, iandae kama itakavyokuwa wakati wa kurekodi. Betri iwemo, kadi iwemo, kifuniko cha lenzi kiwe mfukoni, mkanda wa shingoni utolewe. Skrini ya kukunjuka, kama utaitumia, ifunguliwe sasa hivi. Skrini ile ina gramu chache sana, lakini ikichomoza ubavuni inatosha kuilaza kamera upande wake. Lenzi inayorefuka ukivuta zumu nayo inahamisha uzito mbele, basi chagua upana mmoja ubaki nao. Na upana wenyewe uwe mkubwa, kwa sababu ulizoziona hapo juu.

Ukishafunga, utakuta nguzo imelala mbele, tuseme. Kuna njia mbili za kuisimamisha, na moja ni mtego. Mtego ni kusogeza vyuma vya chini nyuma. Nguzo itasimama wima, utafurahi, utaanza kutembea. Siku utakapogeuza kamera kufuata mtu anayepita, nguzo itaanza kuyumba kama pia ya kuchezea inayokaribia kuanguka. Sababu ni kwamba sasa una kamera iliyotangulia mbele juu na vyuma vilivyorudi nyuma chini. Zikisimama zinapatana, lakini zikizungushwa kila moja inavutwa kwenda nje kwa upande wake, na nguzo inapinduka. Njia sahihi ni kutelezesha kamera yenyewe kwenye lile tundu refu mpaka kitovu chake kikae juu ya nguzo, vyuma vikiwa chini yake wima kabisa. Ukitaka uhakika, izungushe nguzo kwa vidole polepole, ipige duara mbili tatu. Ikibaki wima inapozunguka, umemaliza.

Kusogeza kwenyewe ni kwa milimita moja moja. Legeza, gusa, kaza, tazama. Ikikuchukua saa nzima mara ya kwanza usidhani umekosea. Kila mtu huchukua saa nzima mara ya kwanza.

Kuitumia kunahitaji mazoea zaidi kuliko nguvu. Mkono mmoja unashika mpini na haufanyi kazi nyingine ila kubeba. Mkono wa pili, kidole gumba na cha shahada tu, unagusa nguzo chini kidogo ya gimbali, kwa wepesi wa mtu anayeshika yai bichi. Huo ndio usukani. Ukigusa mbali, chini kwenye vyuma, mguso mdogo unageuka msukumo mkubwa. Ukikamata kwa ngumi, umerudisha mitikisiko yote uliyokuwa umeitenga kwa beringi tatu. Unapoanza kutembea na unapotaka kusimama, vidole viwili hivyo ndivyo vinavyozuia nguzo isibaki nyuma au kutangulia, na msaada ni mdogo sana, sekunde moja, kisha unaachia.

Sasa ule ugomvi nilioahidi kuurudia. Gimbali haizuii kupanda na kushuka kwa hatua. Mwili wa mtu anayetembea hupanda na kushuka sentimita kadhaa kila hatua, na kwenye kifaa cha Brown hiyo ndiyo kazi ya mkono wa springi. Wewe springi yako ni kiwiko na magoti. Kiwiko kikunjwe, kisibane ubavuni. Magoti yalegee, hatua ziwe fupi, kisigino kitangulie na wayo ufuate polepole, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Kitu kilicho mita 20 mbele hakitaonyesha kosa. Kiti kilicho nusu mita kutoka kwenye lenzi kitakusema. Basi panga njia yako usipite karibu na vitu.

Utaulizwa kwa nini usinunue tu gimbali ya mota. Ile ina vihisi vinavyosoma kugeuka kwa kamera na mota zinazoigeuza upande wa pili papo hapo, na kwa simu mimi naiona ndiyo jibu bora: simu ni nyepesi mno kuwa na ukaidi wake yenyewe, labda uifunge kwenye kibao pamoja na kipande cha chuma. Lakini nayo haizuii hatua kupanda na kushuka, na betri yake ikiisha unabaki na fimbo. Kutuliza kwa programu baada ya kurekodi kuna bei yake pia: fremu inakatwa pembeni ili kupata nafasi ya kuisogeza, na ukungu ulioingia kwenye picha kamera ilipotikisika unabaki palepale, sasa ukionekana kwenye picha iliyotulia, jambo ambalo kwangu linachukiza zaidi ya mtikisiko wenyewe.

Na kama unataka kurekodi ukiwa umesimama tu, acha bomba lote hili. Funga kamba kwenye bolti ya robo inchi, ikanyage ncha ya pili, vuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Mkono unaovuta hautetemeki kama mkono unaoning'iniza, na kifaa chote kinaingia mfukoni.

Jambo la mwisho kufanya kabla hujafungua kamera na kuweka stabilaiza stoo: chukua makapeni, chora mstari kwenye kibao pale ukingo wa kamera ulipokaa, hesabu washa, na uandike idadi yake kwenye bomba pamoja na jina la lenzi. Saa nzima uliyotumia leo, kesho itakuwa dakika tatu.